Tulivyopigania makumbusho ya pamba huku Lancashire, na yale ambayo ningependa mtu angeniambia mapema

Habari zenu ndugu. Kuna watu wa nyumbani wamekuwa wakiniuliza ile vita ya makumbusho huku Burnley iliishaje, maana na wao sehemu zao kuna jengo la zamani wameshaanza kusikia linataka kubadilishwa matumizi na hawajui waanzie wapi. Nimeona niandike yote mara moja, na gharama zake na machungu yake, mwenye kuhitaji achukue.

Kwanza mjue ni makumbusho gani. Novemba 2015 halmashauri ya Lancashire, huku kaskazini magharibi ya Uingereza, ilitoa mapendekezo ya bajeti na humo ndani ikasema itaacha kuyapa hela makumbusho matano: Queen Street Mill hapa Burnley, Helmshore Mills, Judges' Lodgings ya Lancaster, Fleetwood ambayo ni ya wavuvi, na Museum of Lancashire pale Preston. Kwa pamoja na hayo kulikuwa na maktaba za kufungwa, ruti za mabasi za kukatwa, vitu vingi. Sababu waliyotoa ni kwamba ruzuku ya serikali kuu inapungua kila mwaka na huku gharama za kutunza wazee na watoto zinapanda, na hiyo sababu haikuwa ya uongo. Mi kazi yangu ni kutunza wazee, najua hela ikipungua anayeumia ni nani. Ndo maana hii vita ilikuwa ngumu hata moyoni, kila ukisimama kutetea mashine za zamani kuna mtu anakuuliza kwa hiyo unataka mzee wa nani akose wa kumuogesha? Na hilo swali ukilikwepa umekwisha.

Sasa mtauliza msukuma wa Mwanza alifuata nini humo. Mi nimekulia kwenye pamba. Babu alikuwa analima, sisi watoto tunachuma, tunachambua ile safi na ile chafu, halafu inapelekwa kwenye mizani na hapo ndo unajua mwaka huu sare ya shule ipo au haipo. Mwatex, kile kiwanda cha nguo cha Mwanza, tunaiona kwa nje. Lakini pamba ikishapanda gari mi sikuwahi kujua inaenda kuishi maisha gani. Nikaja kuajiriwa huku kwenye nyumba ya wazee, nikapewa bibi mmoja ambaye alifuma tangu akiwa binti mdogo, masikio hayasikii kabisa, ila ukiongea naye anakuangalia mdomo na anakujibu kila kitu. Mwanzoni nikadhani kafundishwa hospitali. Kumbe ndo walivyokuwa wanaongea kiwandani, kelele za mashine zilikuwa kubwa mno kiasi kwamba wafumaji wote walisomana midomo, wanapiga umbea kutoka upande huu wa ukumbi hadi ule bila sauti. Akanionyesha pia walivyokuwa wanapitisha uzi kwenye kile kipande cha mti kinachokimbia huku na huku, wanaweka mdomo kwenye katundu na kuuvuta uzi kwa pumzi, siku nzima, na meno ya mbele yanaharibika, na magonjwa wanaambukizana kwa sababu vipande vinatumiwa na watu wengi. Siku nilipomwambia mi nimetoka kwenye mashamba ya pamba alinishika mkono akaukagua vidole kama vile anatafuta kitu.

Yeye ndo aliyenituma Queen Street Mill. Nilienda siku yangu ya off. Kiwanda kilijengwa miaka ya 1890, kikaacha uzalishaji 1982, makumbusho ikafunguliwa 1986. Ndani kuna injini ya mvuke ya 1895 inaitwa Peace, wakati wa mwanzo iliitwa Prudence wakaibadilisha jina baada ya vita ya kwanza ya dunia. Ina nguvu ya farasi 500. Inaendeshwa kwa boila la makaa ya mawe, inazungusha shafti ndefu kule juu, shafti inazungusha mikanda ya ngozi, na mikanda inaendesha mashine za kufumia, zamani zilizidi elfu moja na zilizobaki ni 308 kwenye ukumbi mmoja. Ni kiwanda cha mwisho cha namna hiyo duniani ambacho bado kinaweza kufuma kwa mvuke. Walikuwa wanawasha chache tu kuwaonyesha wageni, na hizo chache zilitosha, sakafu inatetemeka, unaisikia kwenye kifua. Nikamuelewa bibi yangu. Na nikaelewa kitu kingine ambacho shuleni hatukuelezwa vizuri, kwamba ile British Cotton Growing Association iliyoanzishwa 1902 kuhimiza pamba Uganda na makoloni mengine, ilianzishwa kwa ajili ya njaa ya hizi mashine. Reli, mbegu, kodi, jasho la babu zetu, kuna ncha moja ya huo uzi iko Harle Syke, hapo kilipo hiki kiwanda, juu ya kilima cha Burnley. Hiyo sehemu haiwezi kufungwa kimya kimya mi nipo.

Haya, turudi kwenye mchakato. Cha kwanza nilichojifunza, na hiki ni muhimu kuliko vyote, ni kusoma sheria inasemaje kabla hujapiga kelele. Hapa England kuna sheria ya mwaka 1964 ya maktaba na makumbusho. Hiyo sheria inazilazimisha halmashauri kuwa na huduma ya maktaba, ila makumbusho inaziruhusu tu. Yaani makumbusho ni hiari. Kwa hiyo bajeti ikibana, mwanasheria wa halmashauri anaangalia kipi kikikatwa hatushtakiwi, na makumbusho yanakuwa ya kwanza mlangoni. Watu wengi kwenye mikutano yetu walikuwa wanasema hawawezi kufunga, ni urithi wetu, ni jengo lililosajiliwa daraja la kwanza. Ni kweli jengo limesajiliwa daraja la kwanza. Lakini usajili unazuia kulibomoa au kulibadilisha bila kibali, haumlazimishi mtu kufungua mlango na kulipa mishahara. Tulipolielewa hilo ndo tukaacha kusema hawawezi tukaanza kusema wasifanye, na hii ndo hasara yake kwa hesabu.

Na hesabu ndo penye kazi. Halmashauri inapotangaza "tutaokoa kiasi fulani" usikubali tu hiyo namba, uliza imepatikanaje. Hapa kuna sheria ya haki ya kupata taarifa ya mwaka 2000, unaandika barua pepe tu, huna haja ya wakili, na wanatakiwa kujibu ndani ya siku 20 za kazi. Bure kabisa mara nyingi. Uliza vitu vitatu tofauti kwenye maombi tofauti, usivirundike, maana ukirundika wanaweza kusema itachukua muda mrefu mno na wanakunyima yote. Uliza gharama ya kuendesha kabla ya kutoa mapato ya kiingilio, duka na upigaji picha za filamu, halafu uliza baada ya kutoa. Uliza wageni na watoto wa shule. Na uliza swali ambalo karibu kila mtu anasahau: jengo likishafungwa litagharimu kiasi gani kwa mwaka likiwa limekaa tu? Maana jengo la aina hii hulifungi ukaondoka na funguo. Bima inaendelea, mlinzi, alamu, paa likivuja lazima lizibwe, joto kidogo la kuzuia unyevu maana chuma na pamba na ngozi vyote vinachukia unyevu. Boila linahitaji ukaguzi. Kwa hiyo akiba inayotangazwa kwenye gazeti na akiba halisi ni vitu viwili. Hii hoja ndo iliyowafanya madiwani wainue macho kwenye simu zao, kuliko machozi yetu yote.

Kuhusu machozi nisieleweke vibaya. Watu walilia kweli. Mikutano ya kwanza ilikuwa kama msiba, kila mtu anasimama anasimulia mama yake alifuma hapa, baba yake alikuwa kwenye boila. Nililia na mimi. Lakini saa zinaenda, na mapendekezo ya bajeti yana tarehe, baraza linapitisha Februari na baada ya hapo kugeuza ni shughuli nyingine kabisa. Toka Novemba mpaka Februari, ukitoa Krismasi, huna muda. Ushauri wangu kama una kikundi, mkutano wa kwanza lieni, wa pili gawaneni kazi. Mmoja wa namba, mmoja wa magazeti na redio, mmoja wa shule, mmoja wa kuongea na wafanyakazi. Na huyu wa mwisho awe mtu mwenye busara sana kwa sababu wafanyakazi wa makumbusho hawaruhusiwi kuongea hadharani, ajira zao ziko mezani, ukimtaja mtu jina kwenye mtandao kwa nia njema unaweza ukamponza.

Petisheni ni nzuri, saini zilikusanywa nyingi, za mtandaoni na za karatasi, hata nje ya nchi watu walisaini. Ila petisheni inafungua mlango tu. Kilicho na uzito kwenye utaratibu wao ni ile fomu ya maoni ya wananchi, kwa sababu sheria za mahakama za huku, zilizotokana na kesi ya mwaka 1985, zinataka maoni yachukuliwe wakati mpango bado unaweza kubadilika, wananchi wapewe sababu za kutosha na muda wa kutosha, na maoni yao yazingatiwe kweli. Kwa hiyo kila fomu iliyojazwa ni ushahidi, na kila fomu ambayo haikujibiwa hoja zake ni ushahidi pia. Mi nilikaa na wazee pale kazini, kwa idhini ya familia na ya bosi wangu, nikawasomea maswali nikaandika majibu yao kama walivyosema. Mmoja alitoa maelezo ya jinsi ya kufunga fundo la uzi ukikatika, hakujibu swali hata moja, na niliandika vile vile. Tulifikiria pia kwenda mahakamani, tukaambiwa lazima upeleke haraka na haizidi miezi mitatu toka uamuzi, na gharama ukishindwa inaweza kukufilisi, basi wengi wetu tukaogopa na sioni aibu kusema tuliogopa, watu wana nyumba na watoto.

Gharama za kawaida nazo ziwekeni wazi mapema. Vikao vya halmashauri ni Preston, mchana, siku za kazi. Anayefanya kazi za zamu kama mimi akienda kikao amepoteza mshahara wa siku hiyo, na nauli, na chakula cha nje. Karatasi na wino tulichangishana. Waliokuwa na nafasi walikuwa wastaafu, na nawashukuru sana, lakini matokeo yake picha za gazetini zilionyesha kikundi cha wazee weupe peke yao, na diwani mmoja akasema kwenye kikao kwamba haya makumbusho yanawahusu watu wa zamani. Iliniuma. Burnley ina familia nyingi zilizotoka Pakistan na Bangladesh ambazo wababa zao waliletwa miaka ya 1950 na 1960 kufanya zamu za usiku kwenye viwanda hivi hivi. Nilipata jamaa msikitini, na kanisani kwetu Waafrika tuko wa kutosha, tukaanza kuleta watu. Nilivaa kanga siku moja begani kikaoni, nikasimama nikawaeleza pamba ya kwetu ilikotoka na ilikokwenda. Kwa hiyo kama una kampeni, angalia nani hayupo kwenye chumba halafu mfuate alipo, kwa lugha yake, muda wake.

Tulipata kuahirishiwa. Ilikuwa yafungwe mwisho wa Machi 2016, ikasogezwa mpaka Septemba ili watafutwe wa kuyachukua. Hapo ndo nataka muwe makini kweli kweli, maana kuahirishwa kunaua kampeni. Watu wanashangilia, wanarudi makwao, magazeti yanahamia habari nyingine, na mnabaki wachache mnaoandika barua. Halmashauri ikakaribisha vikundi vitakavyotaka kuendesha. Inasikika vizuri, jamii ichukue makumbusho yake. Sasa jaribu kukaa mezani. Unaambiwa leta mpango wa biashara wa miaka kadhaa, leta bodi ya wadhamini, leta bima, leta mtu mwenye ujuzi wa boila la mvuke, na paa kubwa vile nani analitengeneza? Fleetwood waliweza, wakaunda taasisi yao ya udhamini na makumbusho yao wakayachukua wenyewe, hongera zao, na kila mtu anayetaka njia hiyo aanze kwa kuwauliza wao. Kwetu mzigo ulikuwa mkubwa mno. Kiwanda cha mvuke hakiendeshwi kwa mauzo ya keki. Msikubali kuchukua jengo bila kuona ripoti ya hali ya paa, umeme na mitambo, na bila kuandikwa nani analipa matengenezo makubwa, hata kama mnabembelezwa kwamba ndo nafasi ya mwisho.

Tarehe 30 Septemba 2016 milango ilifungwa. Nilikuwa pale. Injini ilizunguka, watu walijaa hadi kwenye ngazi, na ilipopunguzwa spidi yule mkono mkubwa wa chuma ukawa unakuja taratibu, unakwenda, unakuja, mpaka ukasimama, hakuna aliyepiga makofi. Bibi yangu hakuwepo, hali yake haikuruhusu. Nilimpigia picha ila sikumuonyesha mpaka wiki iliyofuata.

Kipindi kilichofuata ndo kibaya zaidi na hakiandikwi sana. Wafanyakazi waliondoka. Ujuzi wa kuwasha boila, kusikia mashine kwa sikio ukajua mkanda umelegea, kupanga mtande na mshindio (nyuzi za urefu na za upana) kwenye mashine ya zaidi ya miaka mia, huo haupo kwenye kitabu, upo kwa watu wachache na wengi wana umri. Mtu akishapata kazi supamaketi harudi. Kama makumbusho yenu yanatishiwa, chukueni simu mwarekodi mafundi wakifanya kazi, mikono yao, maneno yao, leo, kabla ya kikao chochote. Hilo halihitaji ruhusa ya baraza, linahitaji ruhusa ya fundi.

Hofu nyingine ilikuwa vitu vyenyewe. Vifaa vya Queen Street na Helmshore, pamoja na mashine ya asili ya Richard Arkwright ya kusokota uzi kwa nguvu ya maji, vimetambuliwa rasmi kuwa mkusanyo wa umuhimu wa kitaifa, lakini hilo halikutulaza usingizi. Mwaka 2014 halmashauri ya Northampton iliuza sanamu ya Misri ya kale ya Sekhemka kwa pauni milioni 15.76 na makumbusho yao yakanyang'anywa ithibati. Na Februari hiyo hiyo ya 2016 ikatangazwa kwamba zaidi ya vitu 400,000 vya historia ya picha vinatolewa Bradford, mji wa viwanda kama wetu, vinapelekwa London kwenye makumbusho ya V&A. Wanasema vitatunzwa vizuri zaidi, na pengine kweli, ila mtoto wa Bradford nauli ya London ataitoa wapi? Kwa hiyo tuliandika kudai orodha kamili ya vitu na tamko la maandishi kwamba hakuna kitakachouzwa wala kuhamishwa wakati milango imefungwa. Fanyeni hilo mapema. Orodha ikishakuwa mikononi mwa watu wengi, kitu hakipotei kirahisi.

Kilichogeuza mambo mwisho wa siku ni kura. Uchaguzi wa halmashauri ulikuwa Mei 2017, na kwa kuwa sisi tulijua tarehe, tulianza miezi kabla kuwauliza wagombea wa vyama vyote swali moja lile lile kwa maandishi: ukichaguliwa utafungua? Tuliyachapisha majibu yote, na aliyekaa kimya tukaandika hajajibu. Hatukumpigia mtu kampeni, kikundi kina watu wa kila chama na kingevunjika siku hiyo hiyo. Chama cha Labour kilichokuwa madarakani kilipoteza, chama cha Conservative wakaingia wakiwa wameahidi kuangalia upya maktaba na makumbusho. Sisemi ni sisi tuliowabadilisha, watu wana sababu nyingi za kupiga kura. Lakini ahadi ilikuwa kwenye karatasi, na karatasi tulikuwa nayo.

Mwaka 2018 Queen Street na Helmshore yakafunguliwa tena, kwa msimu tu, siku chache za wiki, majira ya baridi yamefungwa. Preston haikuwemo. Kwa hiyo mtu akiniambia mlishinda namwambia tulipata sehemu. Saa zimepungua, watu wazoefu wengine hawakurudi, na bajeti inapitishwa kila Februari, maana yake kila Novemba mi naanza kusoma mapendekezo ukurasa kwa ukurasa kwa sababu mstari wa makumbusho huwa uko mbali huko nyuma na maneno yake ni ya upole sana, "kupitia upya huduma", "kubadili mfumo wa uendeshaji". Ukiona hayo maneno usisubiri tangazo.

Kwa wale wa nyumbani mlioniuliza, sheria zenu ni nyingine na vyombo ni vingine, hamtaweza kunakili hii kama ilivyo. Ila mnaweza kuanza na orodha ya vitu, kurekodi mafundi na wazee, na kujua ni kikao gani, mwezi gani, kinachopitisha hela. Mwanza tuna Bujora pale Kisesa, makumbusho ya Wasukuma, nendeni mkilipe kiingilio hata kama mmeshaona zile ngoma mara nyingi, na mkitoka muombe kuandika kwenye kitabu cha wageni majina na mlikotoka, kwa herufi zinazosomeka. Kitabu kama hiki, siku ya matatizo kwetu, ndo kitu cha kwanza tulichoenda kukifotokopi.